Kabla ya Kufundisha, Jiulize Mwanafunzi Atafika Wapi

Msomaji mpenzi, hakuna mtu apandaye matatu bila ya kujua inakwenda wapi. Hata uwe na haraka vipi, utamwuliza makanga, "Hii ni ya wapi?" Naye, hata awe mkali namna gani, atakutajia Rongai, Kikuyu au Githurai. Hatakujibu kwamba gari lina redio kubwa na viti vya ngozi, kwa maana hayo hukuyauliza. Lakini mtu huyo huyo mwenye busara ya kuuliza njia hulipa maelfu ya shilingi ili asome kozi mtandaoni, na asiulize hata mara moja: nikimaliza, nitakuwa naweza kufanya nini? Na la ajabu zaidi ni kwamba mara nyingi hata mwenye kufundisha hajajiuliza.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya upili kwa zaidi ya miaka ishirini, na jambo hili limenikera kwa muda mrefu. Sote tunakumbuka mwezi wa Machi 2020, shule zote za nchi hii zilipofungwa kwa sababu ya korona. Watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Katika miezi ile ndipo wazazi wengi wa mjini walipoona kwa macho yao somo la mtandaoni lilivyo: mtoto ameketi mbele ya simu ya mama, sauti inakatika, data inaisha, na jioni ukimwuliza amejifunza nini anakujibu, "Tulisoma sayansi." Sayansi gani? Hajui. Ameweza kufanya nini ambacho asubuhi hakukiweza? Hajui pia. Simlaumu mtoto. Mara nyingi hakuna aliyekuwa amemwambia.

Korona ilipopungua, masomo ya mtandaoni hayakwenda zake. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa, nacho hufundisha kwa njia ya mtandao. Wapishi, mafundi wa simu, walimu wa lugha na wahasibu, kila mtu siku hizi ana kozi anayoiuza kupitia kwa simu. Kwa hivyo swali la jinsi somo kama hilo linavyopangwa si la maprofesa peke yao. Limeingia nyumbani kwangu, na huenda limekwisha kuingia kwako.

Kwangu liliingia kwa mlango wa shemeji. Yeye ni mjane wa marehemu ndugu yangu mdogo, na ni fundi wa cherehani asiye na mfano. Miaka miwili iliyopita kibanda chake cha kushonea kiliteketea usiku mmoja pamoja na vitambaa vya wateja. Cherehani moja tu ndiyo iliyonusurika, kwa kuwa alikuwa ameipeleka nyumbani Kayole kuitia mafuta. Ana watoto wawili, mmoja katika sekondari na mwingine bado mdogo. Akawaza na kuwazua, akaamua kufundisha ushonaji kwa simu. Alipotangaza nia yake kwa marafiki, wanawake wanane walijitokeza, wengine wakiwa Voi, Nakuru na Mombasa. Kila mmoja alimtumia nusu ya karo kwa M-Pesa, shilingi elfu mbili. Hizo elfu kumi na sita hazikulala hata usiku mmoja. Ziliingia moja kwa moja katika karo ya shule ya kifungua mimba wake.

Basi unaona hali ilivyokuwa. Pesa zimekwisha tumika, wanafunzi wanangoja, na kozi yaanza baada ya wiki tatu. Wasiporidhika, atawarudishia nini? Akaja kwangu Jumapili moja na daftari lake. "Shemeji, wewe ni mwalimu," aliniambia. "Nitazamie mpango huu."

Nikaufungua. Ulikuwa na mada thelathini na nne. Historia ya cherehani. Sehemu za cherehani. Aina za sindano. Aina za nyuzi. Vitambaa vya pamba, vya sufu na vya hariri. Rangi zinazopatana. Jinsi ya kuongea na wateja. Mambo mazuri yote, na kila moja alilijua barabara. Nikamwuliza swali moja tu: "Shemeji, siku ya mwisho utajuaje kwamba mwanafunzi huyu ameiva?"

Akacheka. "Nitamwangalia mkono tu. Fundi hujulikana kwa mkono."

"Lakini mkono wenyewe uko Voi," nikamwambia, "na wewe uko Kayole."

Akanyamaza. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, msomaji wangu, nami naomba tutulie kidogo. Katika kibanda, mwanagenzi huketi karibu na fundi. Akikata vibaya, fundi humwona na kumshika mkono kabla mkasi haujafika mbali. Hakuna aliyeandika lengo lolote ukutani, lakini lengo lipo: ni ile nguo inayoning'inia mlangoni, na jicho la fundi ndilo linalopima. Mtandaoni jicho hilo halipo. Mwanafunzi yuko peke yake na kitambaa chake usiku wa manane, watoto wamelala. Kwa hivyo kile ambacho jicho la fundi lilikuwa likifanya bila maneno, sasa sharti kifanywe na maneno yaliyoandikwa wazi: mwisho wa somo hili utaweza kufanya jambo hili, kwa kiasi hiki, na hivi ndivyo utakavyojua kwamba umeliweza.

Hekima hii si yangu. Mwaka wa 1949 Mmarekani mmoja, Ralph Tyler, aliandika kitabu kidogo kuhusu mitaala ambacho walimu wengi bado wanakifuata. Alitaka kila mpangaji wa masomo ajiulize mambo manne: tunataka kufikia malengo gani, ni shughuli zipi zitakazotufikisha huko, tuzipange vipi, na tutajuaje kwamba tumefika. Mwaka wa 1962 mwenzake, Robert Mager, aliongeza kwamba lengo zuri lina sehemu tatu: kitendo kinachoonekana, hali ambamo kitendo hicho kitafanyika, na kiwango cha kuridhisha. Na mwaka wa 1998 Grant Wiggins na Jay McTighe waliandika juu ya kupanga kinyumenyume, yaani kuanzia mwisho: kwanza matokeo, kisha ushahidi, na masomo yenyewe yaje mwisho kabisa. Wengi wetu hufanya kinyume chake. Huanza na masomo, na mtihani hutungwa usiku wa kuamkia siku yake.

Tukaanza upya. Ilituchukua karibu saa nzima kuandika sentensi moja. Shemeji alianza hivi: "Wanafunzi wataelewa ushonaji." Nikamwuliza, kuelewa huonekana vipi katika picha ya simu? Akafuta. "Watajua kushona nguo." Nguo gani? Suti? Gauni la arusi? Akafuta tena. Mwishowe tulifikia hapa: baada ya wiki sita, kwa kutumia cherehani ya kawaida na mita moja na nusu ya kitambaa cha pamba, mwanafunzi ataweza kumpima mtu, kukata na kushona sketi iliyonyooka yenye zipu, nayo imkae mtu huyo bila kufumuliwa zaidi ya mara moja.

Hebu isome tena sentensi hiyo. Ina kitendo: kupima, kukata, kushona. Ina hali: cherehani ya kawaida, kitambaa cha pamba, wiki sita. Ina kiwango: imkae mtu bila kufumuliwa zaidi ya mara moja. Mwanamke aliyeko Nakuru anaweza kuisoma na akajua kama ndicho anachokitaka au sicho.

Hatua ya pili ilikuwa ushahidi. Tukakubaliana kwamba kila mwanafunzi ataleta picha nne za sketi yake: mbele, ubavuni na nyuma ikiwa imevaliwa, kisha ikiwa imegeuzwa ndani nje ili mishono ionekane. Shemeji aliipenda sana hiyo ya nne. "Hapo ndipo uongo huisha," alisema.

Hatua ya tatu ndiyo masomo, nayo ilikuwa rahisi kwa sababu njia ilikuwa imekwisha jionyesha. Tulirudi nyuma kutoka sketi iliyokamilika. Ili ikamilike, sharti upindo ukunjwe na kupigwa pasi. Kabla ya hapo, zipu na mkanda wa kiuno. Kabla ya hapo, kuunganisha vipande kwa mshono ulionyooka. Kabla ya hapo, kukata. Kabla ya kukata, kuchora kiolezo kwenye karatasi, na gazeti kuukuu lafaa sana kwa kazi hiyo. Na kabla ya yote, kupima. Hatua sita, wiki sita. Kila wiki ikapewa lengo lake dogo la sentensi moja. La wiki ya pili, mathalan, lilikuwa hili: ukipewa vipimo vya kiuno, nyonga na urefu, utaweza kuchora kiolezo cha sketi bila kutazama mfano.

Nadhani sasa unaona kwa nini tulikuwa wakali juu ya vitenzi. Tangu mwaka wa 1956, Benjamin Bloom na wenzake walipotoa ngazi zao sita za kufikiri, walimu wamekuwa wakikumbushwa kwamba kujua si kitu kimoja. Katika mpangilio uliorekebishwa mwaka wa 2001, ngazi hizo ni kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kubuni. Mtu anayeweza kutaja sehemu kumi za cherehani yuko katika ngazi ya kwanza. Mtu anayepokea vipimo na kuchora kiolezo yuko katika ya tatu. Ukimwahidi mwanafunzi ngazi ya tatu kisha ukamfundisha na kumtahini katika ya kwanza, umemdhulumu, hata kama masomo yako yalikuwa matamu kama asali.

Malengo yalipokuwa tayari, yalianza kutuamulia mambo mengine. Shemeji alikuwa amepanga kurekodi video za dakika hamsini. Nikamweleza kwamba mwaka wa 2014 watafiti Guo, Kim na Rubin walichapisha uchunguzi wao wa kozi nne za mtandaoni, ambapo video zilikuwa zimetazamwa karibu mara milioni saba. Waliona kwamba kwa kawaida watu hawatazami zaidi ya dakika sita, hata video iwe ndefu namna gani. Tena data ni pesa. Basi video zikawa za dakika nne au tano, kila moja na jambo lake moja. Ya kwanza ya wiki ya kwanza ilikuwa ya kuonyesha mahali futi inapopita kwenye nyonga. Hakuna zaidi.

Malengo yalituambia pia jinsi ya kuanzia kila somo. Mwaka wa 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi wazisome. Baadhi yao walizisoma tena, na wengine wakatakiwa kuandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili ndio walioongoza. Baada ya wiki moja, wale waliojaribu kukumbuka wakawapita. Kwa hiyo shemeji alianza kila wiki na swali, daftari likiwa limefungwa. "Nyonga ni inchi 42. Robo yake ongeza nusu inchi ya kupumulia na inchi moja ya mshono. Utachora inchi ngapi?" Jibu ni 12. Aliyekosa alijua papo hapo arudie wapi.

Usidhani kwamba mambo yote yalikwenda kama maji mtoni. Siku ya pili ya kupanga, shemeji alikasirika. Kati ya zile mada thelathini na nne, tulikuwa tumebaki na kumi na tatu. Kila mada niliiuliza: inamsogezaje mwanafunzi kwenye sketi? Ikishindwa kujibu, inatoka. Tulipoifikia historia ya cherehani, aliufunga mkono wake juu ya daftari. "Shemeji, hii ndiyo fahari ya kazi yangu," alisema. "Marehemu mama yangu alinisimulia kabla hajanipa sindano. Ukiitoa hii, utakuwa unawafundisha kuwa mashine."

Sikuwa na haraka ya kumjibu, kwa sababu alikuwa na hoja. Wasomi wakubwa wamewahi kuitoa. Mwaka wa 1967 Elliot Eisner, mtaalamu wa elimu ya sanaa nchini Marekani, aliuliza kama malengo ni msaada au ni kizuizi. Alitukumbusha kwamba mafunzo mengine huzaa matokeo ambayo hakuna mwalimu awezaye kuyatabiri, na kwamba si kila kitu cha thamani kinachopimika kwa rula. Mtoto anayesikiliza hadithi ya nyanya yake hana lengo lililoandikwa, na bado anajifunza.

Tukapatana hivi. Masomo ya sketi yatabaki na malengo yake, bila mchezo. Lakini kila Ijumaa usiku shemeji atatuma sauti yake ya dakika chache, akisimulia lolote alitakalo: cherehani ya mamake, mteja aliyelia kwa furaha, jinsi ya kumtambua mwenye kulipa na asiyelipa. Hakuna swali, hakuna alama, na asiyetaka asisikilize. Wote walisikiliza. Baadaye mmoja alimwambia kwamba hizo sauti za Ijumaa ndizo zilizomzuia kukata tamaa. Lengo, msomaji mpenzi, ni kama mipaka ya shamba. Hukuonyesha pa kulima, lakini haikukatazi kukaa chini ya mti.

Kozi ilianza. Wiki ya tano, mwanamke wa Mombasa alituma ujumbe usiku: sketi yake imekaza nyongani, na kitambaa kimekwisha. Zamani, aliniambia shemeji, angalilazimika kuuliza maswali ishirini ili ajue kosa liko wapi. Lakini kabla hajajibu, ujumbe wa pili ulifika. Yule mama alikuwa amerudi kwenye malengo ya wiki ya pili, akapima kiolezo chake upya, akaona mwenyewe kwamba hakuongeza ile nusu inchi ya kupumulia. Robo nne, nusu inchi kila moja: sketi nzima ilipungukiwa na inchi mbili. Hakuhitaji kuambiwa kwamba hajui kushona. Alijua kushona. Hakujua jambo moja tu, na alijua ni lipi. Akashona nyingine kwa shuka kuukuu, ikamkaa.

Katika wale wanane, sita walileta picha nne kwa wakati. Wa saba alichelewa wiki mbili kwa sababu cherehani aliyoazima ilirudi kwa mwenyewe. Wa nane alipata kazi ya usiku na akajitoa, naye tulimwelewa. Nusu ya pili ya karo ililipwa na wote saba. Kibanda bado hakijarudi, lakini kodi ya nyumba haijachelewa tangu hapo, na kifungua mimba hajafukuzwa shule.

Sasa nije kwako wewe. Huenda hufundishi mtu yeyote. Lakini huenda ni mzazi unayetaka kumlipia mtoto kozi ya kompyuta wakati wa likizo, au ni kijana aliyemaliza kidato cha nne na anaona matangazo kila akifungua simu. Kabla ya kutuma hata shilingi, uliza maswali manne. Nikimaliza, nitaweza kufanya nini ambacho leo sikiwezi? Mtajuaje kwamba nimekiweza, na ni nani atakayeikagua kazi yangu? Kila somo linanisogezaje huko? Nikikwama, nitamwuliza nani? Ukijibiwa kwamba kozi ina saa arobaini za video na cheti chenye rangi, jua kwamba swali lako halijajibiwa.

Wazazi wenye watoto katika mtaala wa umilisi mna bahati ya ziada. Fungueni miongozo ya mtaala wa Kiswahili mtaona sehemu iitwayo matokeo maalumu yanayotarajiwa. Hiyo si mapambo. Jioni moja msomee mtoto tokeo moja, kisha mwambie, "Haya, nionyeshe." Usimwulize kama ameelewa, kwa kuwa kila mtoto husema ndiyo. Mwambie akuonyeshe.

Na wewe mwanafunzi unayesoma peke yako usiku, usiandike katika ratiba kwamba utasoma kemia kuanzia saa moja hadi saa tatu. Huo ni muda, si lengo. Andika kwamba ifikapo saa tatu utakuwa umesawazisha milinganyo mitano bila kutazama kitabu. Ukimaliza saa mbili na nusu, lala. Ukishindwa na miwili, umekwisha jua cha kumwuliza mwalimu kesho.

Shemeji anaandaa kozi ya pili sasa, ya shati la mtoto wa shule. Juzi alinitumia sentensi yake ya kwanza akitaka niikosoe. Niliisoma mara tatu, sikupata neno la kuondoa. Jumapili njema.